Kuificha TV Bila Kuikaba Roho

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa jambo moja. Runinga zimekua, sebule zimebaki zile zile, na TV ikizimwa ukuta unageuka wa darasani: ubao mweusi katikati, viti vyote vimeuelekea. Wasomaji wanataka ubao huo upotee wakati hauna kazi, na urudi bila taabu taarifa ya habari inapoanza.

Tunasema mapema, maana litajirudia: kificho kinachomlazimu mtu kunyanyua kitu na kukiegemeza pembeni hakitafungwa tena baada ya wiki ya pili. Kila mpango tuliouandika hapa unafunguka kwa mkono mmoja.

SWALI: Fundi seremala anataka kunitengenezea kabati la ukutani lenye milango ya kufunika TV ya inchi 55. Kabati la kwanza alilonitengenezea, TV ilikuwa inajizima ikifika nusu saa. Safari hii nimpe vipimo gani? (Mama wa Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Mama, TV ikijizima ndani ya kabati lililobana, na nje ya kabati haina tatizo hilo, wa kwanza kushukiwa ni joto. Tuanze hapo.

Inchi 55 ni kipimo cha mshazari, kona hadi kona. TV yenyewe ina upana wa kama sm 123 na kimo cha kama sm 71, lakini pima ya kwako kwa futi kamba kabla ubao haujakatwa, kwa sababu fremu zinatofautiana. Acha sm 10 kila upande: kushoto, kulia, juu na chini. Kwa hiyo ndani ya kabati iwe sm 143 kwa sm 91. Kina kiwe sm 20. Usikubali soketi iwekwe nyuma kabisa ya TV. Plagi yetu ya miguu mitatu inatokeza, na hiyo ndiyo inayoisukuma TV mbele hadi milango ikagoma kufunga. Soketi ikae pembeni, ndani ya zile sm 10.

Hewa inahitaji njia mbili, ya kuingilia chini na ya kutokea juu. Matundu ya juu peke yake hayasaidii kitu, maana hewa ya moto haitoki kama hakuna ya kuchukua nafasi yake. Mwambie fundi atoboe matundu matano ya milimita 60 kwenye ubao wa chini na matano mengine juu, ayafunike kwa wavu mwembamba. Wavu ni wa lazima. Mende hupenda sana ujotojoto wa king'amuzi, na mjusi humfuata mende. King'amuzi nacho kipewe rafu yake, kisibanwe chini ya TV, kwa sababu hubaki na joto hata ukikizima kwa rimoti. Kabati likikamilika, washa TV saa mbili nzima milango ikiwa wazi, halafu bandika kiganja kwenye dari la kabati. Uvuguvugu ni sawa. Ukilazimika kuondoa mkono, ongeza matundu. Na TV isiwashwe kamwe milango ikiwa imefungwa.

Sasa milango. Milango miwili ya kawaida itakuwa na upana wa zaidi ya sm 70 kila mmoja. Ikifunguka itagonga meza, na ikibaki wazi itasimama kama masikio pande zote mbili za TV. Mwombe milango minne ya kama sm 36, inayojikunja miwili miwili. Kati ya mlango na mwenzake iwekwe bawaba ndefu inayokwenda urefu wote. Upande wa kabati ziwekwe bawaba tatu, wala si mbili. Hesabu yake ni rahisi: mlango wa MDF ya milimita 18 wa ukubwa huo una uzito wa kilo 4 na nusu hivi, kwa hiyo kila upande unabeba kilo 9, na uzito unazidi kuvuta kadiri mlango unavyokwenda mbali na bawaba. Kwa sababu hiyo, ubavu wa kabati uwe blokbodi au mbao halisi. Chipubodi huachia skrubu baada ya miezi michache, milango ikalala na kuanza kusuguana chini.

MDF ipakwe rangi pande zote mbili na kwenye kingo zote. Kwa unyevu wa Dar, ubao uliopakwa mbele tu utapinda, na kingo zilizoachwa wazi zitavimba kama mkate uliolowa.

SWALI: Nimefunga milango mizuri ya mbao mbele ya king'amuzi na redio, sasa rimoti haifanyi kazi mpaka nifungue. Kuna dawa? (Msomaji wa Moshi)

JIBU: Rimoti nyingi hutuma mwanga wa infraredi, na mwanga huo haupenyi ubao. Kuna rimoti zinazotumia Bluetooth, hizo hazijali mlango wa mbao, lakini ya king'amuzi mara nyingi ni ya infraredi.

Dawa ya haraka ni waya wenye jicho la rimoti. Upande mmoja una kipokezi kidogo, kinabandikwa ukingoni mwa kabati mahali panapoonekana kutoka kwenye kochi. Upande wa pili una vitaa vidogo unavyovibandika juu ya jicho la kila kifaa. Unapata umeme kutoka kwenye tundu la USB la TV au la king'amuzi. Kibandike kitaa sawasawa juu ya jicho lenyewe. Kikikosea kwa sentimita mbili tu utadhani ulichonunua ni kibovu. Ili ulione jicho, mulika tochi ya simu kwenye uso wa kifaa, nyuma ya plastiki nyeusi kitaonekana kiduara kidogo.

Dawa tunayoipenda sisi ni kutoa ubao katikati ya mlango na kuweka henzirani ya kusuka, ile ya viti vya zamani vya pwani. Inapitisha mwanga wa rimoti, inapitisha sauti, inapitisha hewa, na ni nzuri kwa macho. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 30 hadi saa nzima kabla ya kuifunga. Ikivutwa ikiwa imelowa, itakaza yenyewe ikikauka, lakini ikifungwa kavu italegea na kubonyea ndani ya msimu mmoja. Fundi achonge mfereji wa milimita 5 au 6 kuzunguka fremu kwa nyuma, atie gundi ya mbao, aisukume henzirani ndani ya mfereji, kisha aikandamize kwa kijiti kinacholingana na mfereji huo. Asiikate ncha zilizozidi kabla ya siku ya pili. Ndani ya kabati paka rangi nyeusi isiyong'aa, ama sivyo taa za vifaa na rangi ya mbao vitaonekana kupitia vitundu.

Ukitaka kujaribu kitambaa au msuko wowote kabla ya kununua, elekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze kitufe. Kwenye kioo cha simu utaona nukta inayomulika. Weka kile kitambaa katikati: nukta ikibaki inaonekana, rimoti itafanya kazi. Mkeka wa ukindu uliobana mara nyingi hufeli jaribio hili. Wavu wa chuma hupita, ila hudhoofisha Wi-Fi ya vifaa vilivyo nyuma yake.

SWALI: Asalaam aleikum. Nimepanga, mwenye nyumba haruhusu kutoboa ukuta. Tukiwa na khitma au dua nyumbani natandika mikeka, na TV inakaa mbele ya watu kama mgeni rasmi. Naifunikaje ipendeze, isionekane nimetupia shuka tu? (Mama wa Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Kanga itakufaa kuliko kitu chochote. Upande mmoja wa doti una upana wa kama sm 150 na kimo cha kama sm 110, kwa hiyo unaifunika TV ya inchi 43, hata ya 55, na pindo lake linabaki kama fremu ya picha kuzunguka mji wa kanga. Jina litasomwa na kila atakayekaa mbele yake, kwa hiyo lichague kwa ajili ya mgeni. "Mgeni njoo mwenyeji apone" linapendeza sebuleni. La mafumbo kwa jirani liache la kuvaa.

Kutoboa ukuta hakuhitajiki, fremu itasimama juu ya meza ya TV. Mpe seremala vipimo hivi. Miti miwili ya sm 5 kwa sm 2.5, imefungwa kwa bolti kwenye miguu ya nyuma ya meza, ipande hadi sm 20 juu ya TV. Juu ya kila mti kuwe na mkono unaokuja mbele hadi upite uso wa TV kwa sm 12. Mikono hiyo ibebe ubao mwembamba wa sm 160, na kanga ining'inie hapo. Zile sm 12 zisipunguzwe, kwa sababu feni ya juu itaipeperusha kanga ikawa inapigapiga kioo.

Ifue kanga mara mbili na uianike kabla ya kushona. Kanga mpya ina wanga, na kipimo cha dukani si kipimo utakachobaki nacho. Usikate wala usikunje pindo la juu. Shona utepe wa pamba kwa nyuma, ufanye kama mfuko wa kupitishia kijiti, hivyo pindo lote linabaki mbele. Chini fanya vivyo hivyo, upitishe kijiti cha duara cha milimita 12 kiwe uzito.

Kufungua kwake kuwe kwa kuvuta kamba. Kwa nyuma shona mistari mitatu ya vipete vidogo vya plastiki, mmoja katikati na mmoja kila upande, pete na pete zikiachana sm 18. Funga kamba kwenye pete ya chini ya kila mstari, zipitie ndani ya pete zilizo juu yake hadi kwenye vikulabu vya ubao wa juu, zote zitokee upande mmoja zikiwa zimefungwa fundo pamoja. Ukivuta, kanga inajikunja na kupanda kama tanga linalokunjwa. Kosa linaloharibu kazi hii ni pete zisizolingana: ukikosea sm 1 kwenye mstari mmoja, kanga itapanda upande. Pima kutoka chini kwenda juu, tia alama kwa chaki mistari yote mitatu, ndipo ushone.

Upande wa pili wa doti utakupa nyuso sita za mito ya sm 45, ukikata vipande vya sm 48. Kwa migongo tumia kitambaa cha rangi moja. Mito ikiwa na kanga ile ile iliyo ukutani, hakuna atakayejiuliza kuna nini nyuma yake.

SWALI: Nyumba yetu ya mawe ina zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Fundi ameshauri abomoe vidaka vinne apate nafasi moja ya TV, kisha afunge kimlango cha nakshi. Mnasemaje? (Msomaji wa Lamu)

JIBU: Mkatalie. Tunakuomba kwa moyo wote, mkatalie leo kabla hajaleta nyundo.

Zidaka za ndani, zile za plasta ya chokaa zilizochongwa kwa mkono, hazina fundi wa kuzirudisha kwa gharama ambayo mtu wa kawaida anaimudu, na mji wenyewe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa ajili ya nyumba kama hiyo. (Mji Mkongwe wa Zanzibar ulitangulia mwaka 2000, na ushauri huu unawahusu walioko huko pia.) Uliza ofisi ya uhifadhi kabla ya kugusa ukuta wa nyumba ya namna hiyo, hata kama kazi inaonekana ndogo.

Tuache thamani, hata kiufundi mpango huo ni mbaya. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa una unene wa karibu nusu mita, lakini ndani yake ni mawe madogo yaliyolala kwenye udongo wa chokaa. Drili ya kugonga inauvunja ovyo, tundu la milimita 10 linatoka la 25, na fisha ya plastiki inazunguka bure. Fundi akiona hivyo huziba kwa saruji. Saruji haipitishi unyevu. Chumvi na maji yaliyokuwa yakitoka polepole kupitia chokaa hukwama nyuma ya kiraka, na baada ya masika plasta inayokizunguka hubabuka.

Kinachofaa ni fremu ya mbao inayosimama yenyewe mbele ya ukuta mwingine, si ule wa zidaka. Vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziruhusu upana wa kufika hata mita tatu, kwa hiyo utakaa mita mbili hivi kutoka kwenye TV. Inchi 43 inatosha kabisa, na uzito wake ni kilo 8 hadi 10 tu. Simamisha nguzo mbili za mvule au mninga za sm 7.5 kwa sm 5, juu ya kitako chenye kina cha sm 40, ziachane sm 110. Zifunge pamoja kwa mbao tatu za kulala: moja sakafuni, moja juu, na moja pana, ya plaiwudi ya milimita 18, ya kubebea breketi. Breketi ifungwe kwa bolti zinazopita hadi upande wa pili na kukazwa kwa nati na washa. Katikati ya kioo iwe sm 100 hadi 110 kutoka sakafuni kwa mtu wa kitini. Kwa wanaokaa chini kwenye mkeka, ishushe hadi sm 80.

Nyuma ya fremu acha sm 5 hewa ipite, ukuta uendelee kupumua. Mbele weka milango miwili ya vijiti au ya henzirani kama tulivyoeleza juu. Ukipenda nakshi, zichongwe kwenye mbao hiyo mpya. Bawaba na skrubu ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu; za kawaida, kwa chumvi ya Lamu, hutoa machozi ya kahawia kwenye mbao kabla ya mwaka kuisha.

SWALI: Fundi umeme ameshazika bomba ukutani ili waya zisionekane, ameshapiga plasta na rangi, na sasa kebo ya HDMI haipiti. Inawezekanaje? (Msomaji wa Kasarani, Nairobi)

JIBU: Ametumia bomba la milimita 20, lile la waya za taa. Kichwa cha HDMI pamoja na plastiki yake kina upana wa milimita 20 hivi, na ndani ya bomba la 20 ni pembamba kuliko hapo. Hata likiwa la 25, kwenye kona kitakwama.

Bomba la kebo za picha liwe la inchi moja na nusu, lile la maji ya sinki linafaa, na kona zake ziwe za mviringo mrefu au nusu kona mbili zilizoungwa, kamwe isiwe elbo moja ya mraba. Acha ndani uzi wa nailoni wa kuvutia kebo ya kesho. Waya wa umeme upite bomba lake mwenyewe. Kuuchanganya na kebo za picha ni hatari, na anayefungua soketi siku nyingine hatajua kipi ni kipi.

Kama hutaki kuvunja ukuta tena, funga trankingi (mfereji wa plastiki wa kufichia waya) ya sm 4 kutoka TV hadi chini, uipake rangi ile ile ya ukuta. Ipige msasa kidogo kwanza, plastiki nyororo haishiki rangi. Kuhusu urefu, kebo ya kawaida ya HDMI iwe ndani ya mita 5 kama unataka picha ya 4K isikatike. Mbali zaidi ya hapo tumia HDMI ya nyuzi za mwanga, na kabla ya kuivuta soma vichwa vyake: kimoja kimeandikwa upande wa chanzo, kingine upande wa TV. Ikigeuzwa haitoi picha, na kuigundua ikiwa ndani ya ukuta ni kazi upya.

SWALI: Naweza kuweka kioo cha kujitazamia mbele ya TV, ikiwashwa ionekane, ikizimwa kiwe kioo tu? (Msomaji wa Kigali)

JIBU: Kioo cha kawaida hapana, mgongo wake umepakwa rangi na hakipitishi chochote. Kipo kioo maalumu kinachopitisha sehemu ya mwanga, na kuna karatasi ya kubandika kwenye kioo cheupe inayofanya kazi ya namna hiyo. Vyote viwili hupunguza mwangaza wa picha, kwa hiyo mchana kwenye sebule ya madirisha makubwa utajiona mwenyewe kuliko mpira. Weka chumbani tu, penye pazia zito.

SWALI: Nataka TV yangu ionyeshe michoro ikiwa haitumiki, kama zile za fremu. Lazima ninunue mpya? (Msomaji wa Maskati)

JIBU: Samsung walianza kuuza TV yao iitwayo The Frame mwaka 2017, na toleo la 2022 likaja na kioo kisichong'aa, ndicho kinachoifanya picha ionekane kama karatasi. TV ya kawaida haitafika hapo, lakini inaweza kukaribia.

Tafuta picha ya pikseli 3840 kwa 2160, iweke kwenye flashi ya USB. Kabla ya hapo ipunguze katikati na uizungushie ukingo wa rangi ya maziwa, pikseli 250 kila upande, ambazo kwenye inchi 55 ni kama sm 8. Ukingo huo ndio unaolidanganya jicho. Shusha mwangaza wa TV hadi picha isiwe na mng'ao kuliko ukuta ulio jirani. Wengi huliacha hili, na mtu akiingia anaona TV inayoonyesha picha.

Fremu ya mbao ifungwe ukutani, isining'inizwe kwenye TV. Piga vipande vinne vya mbao kuizunguka TV, vyenye unene unaolingana na jinsi TV ilivyotokeza, kisha fremu ishikwe juu yake kwa sumaku nane ili iweze kutolewa. Mdomo wa fremu ufunike ukingo wa TV kwa milimita 4 tu, na uache uwazi mahali pa jicho la rimoti. Vipande vya juu na chini viachwe na mapengo ya hewa.

Una TV ya OLED? Usiache picha moja saa nyingi, inaweza kuacha kivuli cha kudumu. Na umeme unahesabiwa: TV inayovuta wati 50, ikiachwa saa 12 kwa siku, inakula yuniti 18 kwa mwezi. Asiyetaka gharama hiyo apake ukuta wa nyuma ya TV rangi ya makaa au buluu iliyokolea, isiyong'aa, kisha apange picha za fremu nyeusi kuizunguka, zikiachana sm 5 au 6. Ikizimwa, jicho halijui lianzie wapi. Ni kopo moja la rangi, na katika yote tuliyoandika hakuna lenye faida kubwa kwa fedha ndogo hivyo.

SWALI: Mtambo wa kuinua TV kutoka kwenye sanduku miguuni mwa kitanda unafaa kwa umeme wetu? (Msomaji wa Kampala)

JIBU: Unafaa, ukikubali kwamba umeme ukikatika TV inabaki pale ilipofika. Kwa inchi 43 yenye kimo cha sm 56, sanduku liwe na kimo cha ndani cha sm 70 na kina cha sm 30, lakini soma kwanza kipimo cha mtambo ukiwa umeshuka. Kebo ziachiwe mzunguko wa mita moja na zibebwe na mnyororo wa plastiki. Zikining'inia ovyo zitanaswa na chuma na kukatwa safari ya kwanza. Kifuniko kikae juu ya TV yenyewe, kiinuke pamoja nayo, kwa sababu cha bawaba huangukia kioo. Ukitumia TV gadi, umeme ukirudi subiri hadi taa yake iwe ya kijani. Kabla ya hapo mtambo hautasogea, na wengi wamefungua mota nzima bure.

SWALI: Nina mchoraji wa Tingatinga. Anichoree kitu cha kufunika TV ya inchi 43. (Msomaji wa Arusha)

JIBU: Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza uchoraji huu Dar es Salaam mwaka 1968, alichora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli. Hadibodi ni ubao, na ubao unaweza kuwa mlango. Agiza vipande viwili vya sm 60 kwa 60, vikikutana vinatoa sm 120 kwa 60. TV yako ina kama sm 97 kwa 56, kwa hiyo vinaifunika.

Vining'inie kwenye reli ya kusukuma pembeni, yenye urefu wa sm 240, kila kipande kipate sm 60 za kukimbilia. Kati ya ubao na kioo acha sm 3, na chini weka kiongozi cha plastiki ili visibembee. Hadibodi ya milimita 3 hupinda, hivyo igundishwe kwenye fremu ya mbao za sm 2 kwa 4 yenye msalaba katikati, na mgongo wake upakwe rangi ya mafuta kama mbele. Upande mmoja ukivuta unyevu na mwingine ukazuia, ubao utajikunja.

Mwonyeshe mchoraji mstari wa katikati kabla hajashika brashi. Vipande vikifunguka, kimoja kitakaa kushoto na kingine kulia, na kila kimoja lazima kiwe picha kamili: ndege wake, mti wake, chui wake. Shingo ya twiga ikipita juu ya mstari huo, jioni nzima utakuwa na kichwa upande huu na mwili upande ule.